Gari kuukuu linaposumbua asubuhi: Dalili zisomwe kabla injini haijapata moto

ALFAJIRI, malori ya mboga kutoka bara yanapopakua shehena katika Soko la Kongowea, pikapu za wachuuzi huwa zimekwisha kupanga foleni kuchukua nyanya, viazi na vitunguu vya kupeleka Kisauni, Bamburi, Likoni na kwingineko. Mchuuzi ambaye gari lake limegoma kuwaka saa kumi na moja hufika soko likiwa limechangamka, bidhaa nzuri zimekwisha kuchukuliwa na wenzake.

Kinachokera zaidi ni kwamba gari hilo hilo, likishasukumwa, likakohoa na kutembea kilomita mbili au tatu, hutulia kana kwamba halikuwa na neno. Kufikia saa nne, mwenyewe anapolipeleka gereji, dalili zote zimetoweka. Fundi husikiliza injini yenye moto, haoni kasoro na, kwa kuwa mteja amesimama akisubiri, hubadilisha plagi. Kesho yake maradhi yako pale pale. Wiki inayofuata hununuliwa koili, kisha pampu ya petroli, kisha kabureta nzima iliyotumika. Fedha huisha na gari bado linasukumwa.

Hitilafu ya injini baridi hupimwa injini ikiwa baridi. Jambo hili ni dhahiri, lakini ndilo linalopuuzwa zaidi, kwa sababu gereji hufunguliwa baada ya gari kuwa limekwisha kuendeshwa. Mmiliki ndiye shahidi wa pekee wa yale yanayotokea katika dakika tano za kwanza, na asipoyatazama kwa makini, fundi hana budi kubahatisha.

Ili kuzielewa dalili hizo, yafaa ijulikane kwamba petroli haiungui ikiwa majimaji. Kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Injini iliyokwisha kupata moto huhitaji takriban sehemu 14.7 za hewa kwa kila sehemu moja ya petroli, kwa uzani. Injini baridi haitosheki na kipimo hicho, kwa sababu sehemu kubwa ya petroli hugeuka matone na kushikamana na kuta za bomba la kuingizia hewa kabla ya kufika katika silinda. Ndipo inapolazimu kuongezwa petroli kwa muda mfupi, hadi vyuma vipate joto. Wakati huo huo oili ni nzito, betri inalemewa na stata, na mgandamizo katika silinda haujafikia nguvu yake kamili. Kasoro ndogo ambayo injini moto huivumilia bila kulalamika huonekana waziwazi katika dakika hizo.

Mafundi wengi wa Pwani hushikilia kwamba Mombasa hakuna baridi, na kwa hivyo choki na themostati ni vitu vya Ulaya visivyo na kazi huku. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Hata mwezi wa Julai na Agosti, upepo wa kusi unapovuma, joto la usiku mjini Mombasa ni nadra kushuka mbali chini ya nyuzi 20 za Selsiasi. Hata hivyo, injini hufanya kazi ipasavyo maji yake yanapofikia nyuzi 80 hadi 95. Kutoka nyuzi 24 za alfajiri hadi hapo kuna safari ya nyuzi 60 hivi. Gari la Kongowea linahitaji msaada ule ule wa gari la Limuru, ila kwa muda mfupi zaidi. Upande wa pili wa hoja hiyo hausemwi sana: gari linalosumbua katika nyuzi 24 haliwezi kusingizia hali ya hewa. Lina ugonjwa, na huenda ugonjwa huo umekomaa.

KABLA YA KUGEUZA UFUNGUO

Uchunguzi huanza gari likiwa limelala usiku kucha. Boneti ifunguliwe kabla stata haijaguswa. Kifuniko cha rejeta kifunguliwe wakati huu, injini ikiwa baridi kabisa. Kukifungua injini ikiwa moto ni kujitafutia majeraha ya kuungua. Je, maji yamefika juu, au yamepungua tangu jana? Kijiti cha oili kichomolewe, kitazamwe na kunuswa. Oili yenye harufu kali ya petroli ni ushahidi kwamba injini inapewa petroli nyingi kupita kiasi, na kwamba oili hiyo imekwisha kuchujuka na hailindi tena vyuma. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa imeingiliwa na maji.

Betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha takriban volti 12.6 kwenye multimita gari likiwa limepumzika. Stata inapozunguka, kipimo kisishuke chini ya volti 10 hivi. Kikishuka zaidi, umeme unaofika kwenye koili huwa hafifu na cheche huwa dhaifu, hata kama injini inaonekana kuzunguka. Mchana, betri ikiwa imechajiwa na injini imelegea kwa joto, kasoro hiyo haionekani. Hewa ya chumvi ya Pwani nayo hula vichwa vya betri na waya wa kutia ardhini kwenye chasisi. Mara kadha wa kadha tiba imekuwa kukwangua ule unga mweupe na kukaza nati.

Baada ya hapo ufunguo ugeuzwe, na anayechunguza atambue tatizo linaangukia wakati gani. Gari ambalo stata huzunguka muda mrefu kabla halijashika, kisha likawa shwari, lina shida tofauti na lile linaloshika mara moja likazima baada ya sekunde kumi. Na hayo mawili ni tofauti na gari linalowaka, likanguruma kwa kuchechemea dakika mbili, au linaloonekana zima mpaka linapokanyagwa mafuta kuondoka.

La kwanza, mara nyingi, petroli haikuwepo kwenye kabureta. Bakuli la kabureta huweza kukauka usiku kwa uvujaji au kwa joto la injini baada ya kuzimwa, au valvu za pampu zimechoka na petroli hurudi tangini. Kipimo chake ni rahisi: kichujio cha hewa kiondolewe, mtu atazame ndani ya koo la kabureta na kuvuta waya wa mafuta kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Petroli itoke kwa mchirizi. Isipotoka, bakuli ni tupu au kile kijipampu cha ndani ya kabureta kimekufa.

Dalili ya pili ina aina yake moja ambayo huwatesa wengi. Injini hushika stata ikiwa bado inazunguka, kisha huzima papo hapo ufunguo unapoachiliwa. Katika magari mengi ya zamani, koili hupata umeme kamili wakati wa kuwasha, halafu umeme hupitia kizuizi kidogo kinachoitwa rezista baada ya hapo. Rezista ikikatika, gari hufanya hivyo hivyo bila kukosea. Ni kifaa kidogo mno, na watu wamewahi kufungua kabureta nzima kwa ajili yake.

CHOKI

Magari yenye kabureta yaliyosalia barabarani sasa ni ya umri mkubwa. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo limezidi umri wa miaka minane, kwa hivyo pikapu ya Datsun 1200, Corolla ya DX au Peugeot 504 inayoonekana Kongowea leo imekuwa nchini kwa miongo kadhaa. Baadhi ya Peugeot hizo ziliunganishwa papa hapa Mombasa, katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers kilichoko Miritini.

Choki ya magari hayo ni kibati kinachoziba koo la kabureta ili injini ivute petroli zaidi na hewa kidogo. Kipo cha kuvutwa kwa waya kutoka kwenye dashibodi, na kipo kinachojiendesha chenyewe kwa springi inayolegezwa na joto la maji au la umeme. Injini ikiwa baridi, kibati kiwe kimefunga. Mara injini inaposhika, kifunguke milimita chache ili isisongwe, kisha kiendelee kufunguka polepole hadi kisimame wima.

Kwa kuwa Mombasa hakuna baridi, mafundi wengi hukifunga kibati hicho kwa waya kikae wazi daima. Dereva huzoea kupiga mafuta mara nne au tano kabla ya kuwasha, gari huwaka, na choki husahaulika. Zoea hilo hufanya kazi kwa miaka, hadi pampu ndogo ya kabureta inapochoka. Hapo dereva huamini gari limeanza ugonjwa mpya, kumbe ni mkongojo uliokuwa ukilitegemeza umevunjika. Kinyume chake ni choki iliyokwama ikiwa imefunga. Gari hilo huwaka vizuri, kisha kadiri linavyopata joto ndivyo linavyozidi kutoa moshi mweusi na kukosa nguvu.

Choki ni chombo cha kupimia pia. Injini ikichechemea asubuhi, ivutwe nusu. Ikitulia, injini ilikuwa inapata hewa nyingi kuliko petroli. Ikizidi kuchechemea na kutoa moshi mweusi, ilikuwa imelewa petroli tayari. Kwa jaribio hili moja la sekunde kumi, nusu ya vitu vinavyoshukiwa huondolewa katika orodha.

Hewa inayozidi aghalabu huingia kwa mlango wa uani: gasketi iliyo chini ya kabureta, mpira wa kwenda kwenye breki, au vijibomba vya mpira ambavyo joto la Pwani limevikausha vikapasuka. Injini ikiwa baridi, nyufa huwa wazi. Vyuma vikitanuka, baadhi hujiziba, na ndiyo sababu mchana gari hupona. Nyufa hizo hutafutwa kwa sikio, kwa kusikiliza mlio wa kufyonza, au kwa kunyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio injini ikinguruma. Mlio ukibadilika, pafaa kuangaliwa. Wapo wanaonyunyiza petroli badala ya maji ya sabuni. Wasiige wengine.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni ile desturi ya kumwaga petroli kwa chupa katika koo la kabureta huku mwenzake akipiga stata. Injini isiyo na cheche sahihi hutema moto kupitia kabureta, na anayeshika chupa ameinama juu yake. Tiba hiyo haipaswi kufanywa na mtu yeyote, awe fundi au mwenye gari.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wa magari yaliyotumika hawalifikirii. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Kabureta iliyorekebishwa huko ili isitumie petroli nyingi, ikishuka Mombasa hukutana na hewa nzito zaidi, na petroli ile ile sasa haitoshi. Injini moto huweza kustahimili upungufu huo. Injini baridi hushindwa. Gari lililonunuliwa Nairobi na kuanza kusumbua asubuhi wiki ya kwanza Kongowea lirekebishwe kabureta kwanza kabla ya kushukiwa lolote jingine. Vivyo hivyo, pikapu ya Kongowea inayopanda Wundanyi kuchukua mboga na kulala huko itaonekana kulewa petroli asubuhi, na hilo si ugonjwa.

CHECHE NA UNYEVU

Msimu wa masika, kati ya Aprili na Mei, magari mengi ya Pwani hugoma asubuhi na lawama hutupiwa petroli. Mara nyingi mkosaji ni unyevu. Kifuniko cha distributa kikiwa na ufa mwembamba kama unywele, unyevu na chumvi hujenga njia ya umeme ndani ya ufa huo, na cheche hutorokea huko badala ya kwenda kwenye plagi. Joto la injini likikausha unyevu, gari hupona, na ndipo linapopelekwa kwa fundi.

Njia ya kuwanasa wakosaji hawa haihitaji chombo chochote. Boneti ifunguliwe kabla ya mapambazuko, gari liwashwe gizani, taa zote zikiwa zimezimwa. Waya za plagi zilizochoka huonyesha vimulimuli vya rangi ya samawati vikirukaruka kuelekea chuma cha karibu. Anayetazama asiguse kitu. Nguvu ya umeme huo ni maelfu ya volti.

Kwa magari yenye poenti ndani ya distributa, pengo lake huwa kati ya milimita 0.4 na 0.5 kwa mengi, na hupungua kadiri kipande cha plastiki kinavyolika. Plagi zenyewe zina mengi ya kusema zikichomolewa kabla injini haijapata moto mrefu. Nyeusi na kavu kama masizi, petroli imezidi. Nyeupe, imepungua. Iliyolowa oili inaashiria ringi au mipira ya valvu. Moja ikiwa safi kupita kiasi, kana kwamba imeoshwa, huku tatu zina rangi ya kahawia, habari yake ni nzito na itaelezwa hapa chini.

Petroli yenyewe haiachwi nje ya mashaka. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa nafuu kuliko petroli nchini Kenya, na wafanyabiashara walaghai waliyachanganya. Mwaka wa 2018 serikali ilianzisha ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida hiyo, na ulaghai ukapata pigo. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa urahisi, kwa hivyo injini baridi ndiyo huyakataa kwanza. Matone machache yakidondoshwa kwenye karatasi nyeupe, petroli safi hukauka upesi bila kuacha alama kubwa. Yenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Injini za zamani sana zilikuwa na uhusiano mwingine na petroli. Kenya iliachana na petroli ya risasi mwanzoni mwa mwaka wa 2006, na injini zilizokuwa na viti laini vya valvu zikaanza kulika. Nafasi ya valvu hupotea, valvu hazifungi sawasawa, na dalili ya mapema ni gari kuwa gumu kuwaka asubuhi.

MAGARI YA KOMPYUTA

Toyota na Nissan nyingi za miaka ya 1990, ambazo sasa ndizo kuukuu za kawaida, hazina choki. Kompyuta huamua kiasi cha petroli kwa kusoma joto la maji kupitia sensa ndogo iliyopachikwa karibu na themostati. Sensa hiyo ikisema uongo, kompyuta huutii. Ikiambiwa injini ni moto ilhali ni baridi, hainyunyizi petroli ya kutosha na gari huzima-zima. Ikiambiwa injini ni baridi daima, hunyunyiza kupita kiasi na moshi mweusi hutoka hadi adhuhuri.

Sensa hupimwa kwa multimita ya bei nafuu. Katika Toyota nyingi za kipindi hicho, joto likiwa nyuzi 20, sensa huonyesha ohmu 2,000 hadi 3,000. Kwenye nyuzi 80 hushuka hadi ohmu 200 hadi 400. Kwa alfajiri ya Kongowea, kipimo cha ohmu 2,000 na ushei ni cha kuridhisha. Aidha, magari hayo yana kisanduku kidogo cha uchunguzi chini ya boneti. Swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 yakiunganishwa kwa kipande cha waya, taa ya injini kwenye dashibodi humeta kwa hesabu. Kumeta mara mbili, kupumzika, kisha mara mbili tena ni namba 22, yaani sensa ya joto la maji au waya wake. Kumeta mfululizo bila kupumzika maana yake kompyuta haijaona kosa. Waya usitiwe tundu jingine kwa kubahatisha, kwani kompyuta huweza kuungua.

Sensa huweza kuwa nzima na bado ikaripoti baridi, kwa sababu maji kweli hayapati moto. Hapa ndipo habari ya themostati inapoingia. Themostati ni mlango unaozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ifikie joto lake, kwa magari mengi nyuzi 82 hivi. Gari likichemka mara moja kwenye msongamano wa Daraja la Nyali, fundi huing'oa na kuitupa. Kwa wiki kadhaa mteja hufurahi kwa kuwa mshale wa joto haupandi tena. Asichoona ni kwamba kompyuta inaamini ni asubuhi mchana kutwa. Petroli ya ziada inaendelea kunyunyizwa, plagi zinageuka nyeusi, oili inachujuka na matumizi ya petroli yanapanda. Sababu halisi ya gari kuchemka, ambayo yaweza kuwa rejeta iliyoziba au feni isiyozunguka, imeachwa kama ilivyokuwa.

Themostati haipaswi kuhukumiwa kabla ya kupimwa. Itiwe katika sufuria ya maji, jiko liwashwe, na itazamwe. Maji yakikaribia kuchemka nayo ikafunguka vyema, kisha ikafunga yanapopoa, ni nzima na irudishwe mahali pake.

Gari la kompyuta linalozima likiachwa bila kukanyagwa, lakini likikanyagwa kidogo likawa sawa, mara nyingi lina uchafu katika njia ndogo ya hewa inayopita kando ya mlango wa hewa. Kuisafisha ni kazi ya nusu saa.

GASKETI YA HEDI

Kati ya yote yanayoleta kuchechemea kwa asubuhi, hili ndilo lisilostahili kusubiri. Gari huwaka, kisha kwa dakika moja au mbili silinda moja haifanyi kazi. Mafundi husema injini inamisi. Moshi mweupe mwingi hutoka nyuma. Halafu hutulia na siku nzima huenda vizuri. Mwenye gari hujifariji kwamba ni mvuke wa asubuhi.

Kinachotokea ni hiki. Gari linapoegeshwa jioni, maji katika rejeta yangali na shinikizo. Gasketi ya hedi ikiwa na upenyo mdogo, shinikizo hilo husukuma maji kidogo kidogo ndani ya silinda usiku. Asubuhi, plagi ya silinda hiyo imelowa maji na haiwezi kutoa cheche. Maji yakishatolewa kama mvuke, na vyuma vikatanuka na kuubana upenyo, dalili hufichika hadi kesho. Ndiyo sababu plagi iliyooshwa ikawa safi peke yake, pamoja na maji yanayopungua bila tone kuonekana chini ya gari, ni ushahidi ambao haupaswi kupuuzwa.

Kuthibitisha hakuhitaji kufungua injini. Rejeta ijazwe, kifuniko kikiwa wazi na injini baridi, kisha gari liwashwe. Mapovu yakitoka mfululizo pasipo kukoma, moshi wa silinda unapenya majini. Gereji yenye pampu ya kupimia rejeta huweza kuipa shinikizo la kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, ikaiacha kwa saa kadhaa, kisha plagi zikachomolewa na stata ikapigwa. Silinda yenye maji hujitangaza yenyewe.

Anayeendelea kuendesha gari la namna hiyo anacheza na injini nzima. Siku maji yatakapoingia mengi, pistoni itagonga kitu kisichogandamizika na fimbo yake itapinda. Au maji yataisha barabarani na hedi kujipinda kwa joto.

Upande wa Kisauni na Kongowea hali hii huchochewa na maji yenyewe. Visima vingi vya eneo hilo vina maji ya chumvi, na mferejini maji hayapatikani kila siku, kwa hivyo rejeta hujazwa kile kilichopo. Chumvi hula hedi za aluminiamu na mishipa ya rejeta. Dawa ile ya kijani au nyekundu inayouzwa kwa ajili ya rejeta hudharauliwa kwa kuwa huaminika ni ya kuzuia barafu. Kazi yake kubwa Pwani ni kuzuia kutu na kuinua kiwango cha kuchemka, na ichanganywe na maji yasiyo na chumvi.

DIZELI

Pikapu na matatu za dizeli, kama Toyota HiAce za injini ya 2L na 3L, hazina cheche. Dizeli huungua kwa joto la hewa iliyogandamizwa. Alfajiri joto hilo husaidiwa na hita plagi. Moja ikifa, injini hutikisika na kutoa moshi wa kijivu wenye harufu ya dizeli mbichi hadi ipate moto. Hita plagi nzima huonyesha ohmu 1 au chini yake. Iliyokatika haionyeshi chochote. Iwapo pampu ya mkono iliyo juu ya kichujio inalazimika kupigwa kila asubuhi ndipo gari liwake, hewa inapenya mahali fulani kati ya tangi na kichujio.

Petroli au dizeli, ikiwa yote yamepimwa na gari bado linasumbua, mgandamizo wa silinda upimwe, nao upimwe baridi. Silinda yenye kipimo cha chini itiwe kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na kupimwa tena. Kipimo kikipanda, ringi zimelika. Kisipopanda, valvu au gasketi ndizo za kuangaliwa. Jaribio la oili lisifanywe kwenye dizeli.

Kwa vipimo hivi vyote, gari likabidhiwe fundi jioni na lilale gerejini, naye aliwashe mwenyewe asubuhi kabla ya mtu mwingine yeyote kuligusa. Gereji zisizo na ulinzi wa usiku hazina nafasi hiyo, na hapo fundi huitwa nyumbani kabla ya saa kumi na mbili, kwa malipo ya ziada ambayo kwa kawaida ni madogo kuliko bei ya kabureta isiyohitajika. Jambo la kwanza ambalo fundi wa namna hiyo hufanya ni kuweka kiganja juu ya injini. Akikuta ina joto, hufunga boneti na kuahidi kurudi kesho.